Nguzo Uani kwa Bi Zaina

"Mwalimu, mlima unaweza kutembea?"

Bi Zaina aliniuliza swali hilo jikoni kwake, mwezi wa Januari, nikiwa na miaka ishirini na nne na shahada ya fizikia isiyotimiza hata mwaka. Sikuwa na jibu. Hata hivyo nilijibu, tena kwa mifano, huku nikimenya magimbi na kujiona mtu wa maana.

Mwezi uliopita binti yake, Halima, alinipigia simu kunieleza kwamba mama yake amefariki na wamemzika siku hiyohiyo. Nilipofika Lushoto matanga yalikuwa siku ya tatu. Nilipanda pikipiki hadi kwa Halima, mgongoni mwa mlima, juu ya Kwai, nikapewa nafasi kwenye mkeka kati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Walizungumza Kishambaa, na Kishambaa changu ni cha salamu na matusi mawili niliyofundishwa na wanafunzi, lakini nilisikia neno "mwalimu" likipita, kisha mmoja akauliza kwa Kiswahili bila kupunguza sauti, "Ndiye yule wa nyota?" Mwenzake akajibu, "Ndiye." "Aliyekaa kule chini?" "Nimekwambia ndiye." Wakarudi kwenye mchele wao. Hakuna aliyenisema vibaya, na mimi nikainama nikachambua pamoja nao, nikitafuta mawe yasiyokuwepo.

Kule chini sasa hakuna nyumba. Wakati ule ilikuwepo, na chumba changu kilikuwa cha kwanza mkono wa kushoto ukiingia: kitanda cha kamba, meza moja, dirisha lenye mbao badala ya kioo, na harufu ya moshi wa jikoni iliyokaa kwenye blanketi hata likifuliwa. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Walimu wenzangu walipanga vyumba mgongoni, penye umeme na duka. Mimi nilichagua mteremko, kwa Bi Zaina, kwa sababu moja tu ambayo nilimweleza wazi siku ya kwanza: palikuwa na giza. Mgongoni kulikuwa na taa ya msikiti iliyowaka mpaka alfajiri, na nyuma yake taa za barabarani. Uani kwa Bi Zaina, mlima wenyewe ulizikinga taa zote hizo. Alinisikiliza, akamtazama mwanawe, Hoza, akasema, "Wapangaji wote huuliza maji yako wapi. Huyu ameuliza giza."

Hoza alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mkulima wa kabichi na njegere, mwenye ng'ombe mmoja aliyemzungumzia kama mke. Aliyekuwa mke wake alikuwa amerudi kwao Magoma, na yeye alisema waliachana kwa sababu ya baridi. "Alitoka kule chini kwenye joto," alisema. "Usiku wa kwanza tu aliniuliza, hivi huku mnaishi au mnahifadhiwa?" Hoza ndiye aliyenijengea nguzo. Nilikuwa na kamera na kifaa cha kufuatilia nyota nilivyoachiwa na mhadhiri wangu alipostaafu. Kifaa hicho huizungusha kamera taratibu, kinyume cha mzunguko wa dunia, ili nyota isimame mahali pamoja kwenye picha. Miguu mitatu ya chuma haikutosha kwenye udongo ule laini, kwa hiyo mwezi wa Septemba Hoza alichimba shimo lililomfika kiunoni, akamwaga zege, akasimamisha nguzo. Aliiwekea pima maji juu, akafumba jicho moja, akasubiri povu litulie katikati. "Haya, mwalimu. Hii hata aje tembo kujikuna, haitikisiki."

Nilichokuwa nakipiga picha hakionekani kwa macho, na labda ndiyo maana nilikipenda. Kati ya nyota kuna mawingu ya gesi na vumbi, nebula, na mengine ni hafifu kiasi kwamba hata kamera ikifunguliwa dakika tano hutoa kivuli tu unachoweza kukidhania. Picha moja haitoshi. Unapiga mamia, usiku baada ya usiku, kisha kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine, na kile kilichokuwepo kila usiku kinaanza kujitokeza. Mwaka ule nilikuwa natafuta masalia ya nyota iliyolipuka maelfu ya miaka iliyopita, nyuzinyuzi nyekundu zilizotawanyika katika kundinyota linaloitwa Tanga.

"Tanga hii yetu?" aliuliza Hoza.

"Tanga la chombo cha majini, kaka Hoza."

"Basi hata mbinguni sisi wa milimani tumesahauliwa."

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Chuoni niliwachosha wahadhiri, nyumbani nilimchosha mchungaji, na pale kwa Bi Zaina niliuliza kwa nini mfereji hufunguliwa kwa zamu ile na siyo nyingine, kwa nini bada hupikwa kwa unga wa muhogo uliokuwa mweusi hivyo, kwa nini mtu asipige mluzi jioni. Neno langu lilikuwa "umejuaje?" Bi Zaina alilizoea, akawa ananiwahi. Akiweka sahani mezani alisema, "Chumvi imekolea. Nimejua kwa kuonja." Tulikula bada na maharage, au magimbi na chai ya maziwa, na kabichi kwa wingi usioelezeka, kwa sababu ile iliyoliwa na wadudu haikupanda lori. Nilikuwa na furaha pale. Nasema hivi kwa sababu nikikumbuka leo, kila chumba cha nyumba ile kinanijia kikiwa kimeinama kidogo, na najua wakati ule sikuona chochote kimeinama.

Mambo yenyewe yalianza kwa udogo. Mwezi wa Oktoba mlango wa jikoni ulianza kukwaruza sakafu. Novemba ufa ulitokea uani, mwembamba, umejipinda kufuata mteremko kama mstari wa penseli, na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali Bi Zaina aliujaza majivu na udongo, akaushindilia kwa kisigino. Ijumaa iliyofuata majivu yalikuwa yamezama. Mfereji uliopita juu ya nyumba ulianza kupungukiwa maji, na chini, karibu na zizi la ng'ombe, udongo ukawa unalowa bila mvua. Na mimi nilikuwa na shida yangu ya kitaalamu. Ili kifaa kifuate nyota sawasawa, mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na huku kwetu, karibu na ikweta, ncha hiyo iko chini sana. Pale uani ilikuwa imejificha nyuma ya mlima. Unalazimika kuitafuta bila kuiona. Unachagua nyota moja, unaikodolea macho kwenye kioo cha kamera. Ikipanda unazungusha kidogo skrubu ya mhimili, ikishuka unarudisha, mpaka itulie. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika mara moja, halafu nguzo ingekaa vilevile kwa miezi. Lakini kila baada ya wiki mbili nilikuta nyota inahama. Kila mara kwa upande uleule. Nami kila mara nilizungusha skrubu kwa upande uleule, nikaendelea na kazi. Nililaumu kifaa. Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa watu wa mbali kaskazini. Huku kwetu skrubu huwa karibu na mwisho wake tangu mwanzo, na nilikuwa nimesoma kwamba ikiwa hapo hulegea. Maelezo yalinitosha. Mimi, mtu wa "umejuaje".

Usiku wakati kamera ikifanya kazi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nimejifunika blanketi, sina taa. Ukikaa gizani kwa saa tatu unaanza kuusikia mlima. Kulikuwa na vyura, na maji, na ng'ombe wa Hoza akicheua. Halafu, baadhi ya usiku, kulikuwa na sauti nyingine, kutoka chini ya miguu, kama mtu anayepasua kitambaa kizito taratibu ili asiwaamshe watu. Inapasuka, inanyamaza. Mara ya kwanza nilisimama. Mara ya pili nilijieleza kwamba ni mabati ya paa yanasinyaa kwa baridi. Mara ya tatu sikuacha hata kunywa chai yangu.

Desemba shule ilifungwa, nikashuka nyumbani majuma matatu. Niliporudi mwanzoni mwa Januari, mwezi ukiwa umeandama karibuni na usiku ni mweusi kabisa, niliwapelekea zawadi: picha niliyoichapisha kwenye karatasi, nusu ya kazi yangu. Bi Zaina aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na moto.

"Hii ni nini? Moshi?"

"Ni nyota iliyokufa."

"Ilikufa lini?"

"Zamani sana. Kabla hajazaliwa mtu wa kulima hapa."

"Na unaiona leo."

"Mwanga wake unachukua muda kufika, Bi Zaina. Mambo yameshatokea, taarifa ndiyo iko njiani."

"Kama barua za serikali ya kijiji," alisema Hoza.

Bi Zaina hakucheka. Alirudisha picha, akanipa kisu na rundo la magimbi, akakaa. Ndipo akaniuliza. "Mwalimu, wewe una chombo kinachoona hata nyota ikisogea unywele. Niambie. Mlima unaweza kutembea?"

Nilimwambia milima hutembea, ndiyo, lakini kwa mamilioni ya miaka, mabara yakisukumana, polepole kuliko kucha inavyoota.

"Na mlango huu?"

"Mbao hunywa unyevu, zikavimba."

"Na ufa wa uani?"

"Udongo ukikauka hupasuka."

Aliendelea kumenya. "Kwa hiyo mbao imelowa," alisema, "na udongo umekauka. Nyumba moja. Siku moja."

Ilikuwa hoja safi, ya aina ambayo ningeipenda kama ingetoka kwangu. Ningeweza kusema, sijui, ngoja nipime. Nilikuwa na pima maji ya Hoza kwenye rafu, hatua nne kutoka nilipokaa. Badala yake nilianza kueleza jinsi unyevu unavyotofautiana kati ya kivuli na jua, nikatumia neno "kitaalamu" mara mbili, na Hoza akapiga paja lake akasema, "Mama, umesikia? Chuo kikuu kimesema!" Bi Zaina akasema, "Nimesikia." Akaweka sufuria motoni.

Kwa miaka saba nimekuwa nikilichunguza jibu langu lile. Sehemu yake ilikuwa ujinga, na ujinga nausamehe. Sehemu nyingine sijaisamehe. Nilijua kwamba wakihama watahamia kwa Halima, mgongoni, kwenye taa; na nilikuwa nimefika nusu ya picha.

Masika yaliingia mapema, na Ramadhani ikaingia pamoja nayo. Mimi sikufunga, lakini nilifuturu kwa bidii kuliko waliofunga, na Hoza hakuacha kunitania kwa hilo. "Mwalimu umeshindaje na njaa?" aliniuliza kila magharibi, akinisogezea bakuli la uji kwa heshima ya uongo. Mawingu yalilala mlimani siku kumi mfululizo. Usiku wa kumi na moja yalifunguka kwa saa mbili hivi. Nilitoka mbio na kamera. Nyota ilikuwa inahama kuliko siku yoyote. Nikazungusha skrubu, nikazungusha tena, halafu ikagoma. Ilikuwa imefika mwisho wa njia yake. Niliishika ile skrubu kwa vidole viwili, na nadhani nilibaki nimeishika dakika nzima, kwa sababu nilikuwa nimeelewa na sikutaka kusogea. Kisha nikaingia ndani, nikachukua pima maji, nikaiweka juu ya nguzo, mahali palepale Hoza alipoiweka Septemba, nikawasha simu kumulika. Povu lilikuwa limejibana mwisho wa kioo chake, upande wa mlimani. Nguzo nzima ilikuwa imelalia bondeni.

Ningependa kuandika kwamba niliwaamsha. Niliteremsha kamera, nikaipangusa, nikaenda kulala. Asubuhi nilifundisha vipindi vinne. Nilijiambia kipimo kimoja si kipimo, lazima nirudie, na siku iliyofuata nilirudia, na iliyofuata tena, na kila mara povu lilikuwa palepale. Siku ya tatu, kwenye futari, nilisema. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba nilikosea, kwamba udongo unashuka, nyumba pia, na tuondoke leo.

Hoza aliweka kikombe chini. "Ngoja nielewe. Januari chuo kikuu kilisema hautembei. Machi kinasema unatembea. Sasa mimi nimfuate mwalimu wa Januari au wa Machi?"

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alilisema vizuri na kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi. Bi Zaina alisimama, akakunja godoro lake, akasema, "Mimi nalala kwa Halima. Hoza, funga nyumba." Hoza akasema ng'ombe yuko karibu kuzaa, hawezi kumpandisha njia ile yenye utelezi, lori la kabichi linakuja Jumamosi, Jumamosi hiyohiyo atapanda, na ng'ombe, na ndama, na mwalimu wa Machi akitaka atambeba mgongoni. Mama yake alimwambia kwa Kishambaa, maneno mafupi ambayo sikuyaelewa. Alijibu kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie. "Siku tatu tu, mama."

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na asubuhi na sasa ilikuwa imeacha. Nilikaa barazani kwa Halima, nilikokuwa nimehamia pamoja na Bi Zaina, nikisahihisha madaftari. Hoza alikuwa ameswali msikitini pamoja na wengine, akapita barazani akitushushia mzaha kuhusu nani anachemsha chai mchana wa Ramadhani, kisha akateremka kumkatia ng'ombe majani. Sijui ilipita nusu saa au zaidi. Nilisikia kitambaa kikipasuka. Safari hii hakikunyamaza. Halima alitoka jikoni na mwiko mkononi, tukasimama pamoja ukingoni, na chini yetu miti ilikuwa inaondoka ikiwa wima, imesimama kama watu kwenye foleni, na paa la nyumba likienda nayo, halijavunjika bado, kwa utaratibu ambao nauota mpaka leo. Kisha vumbi la maji likafunika. Lilipotulia, mahali pa nyumba, uani, zizi na matuta ya kabichi palikuwa na rangi moja.

Walimchimba Hoza siku mbili. Bi Zaina alikaa barazani muda wote huo, hakulia kwa sauti, na jioni alimwuliza kila mwanamume aliyepanda na jembe kama amefuturu. Nilipomkaribia kumwomba radhi aliniwahi, kama alivyozoea. "Umekula?" aliniuliza. Nilikaa mpaka shule ilipofungwa Juni, kisha nikashuka, na sijapiga tena picha ya anga. Mara moja tu, miaka miwili baadaye, nilifungua faili zote za zamani, nikapima nyota ilikuwa inahama kiasi gani kila usiku. Mstari ulijichora wenyewe. Mlima ulikuwa umeanza kutembea Oktoba, wiki ya tatu, polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi, na kila hatua yake ilikuwemo kwenye picha zangu, na kila hatua nilikuwa nimeisahihisha kwa mkono wangu. Nikaamini basi kwamba hesabu yangu imekamilika: aliniuliza, nikamdanganya kwa ujuzi, akaniamini, akakaa. Niliishi na hesabu hiyo. Nilimpigia Bi Zaina kila Idi, tukaulizana afya na mvua, wala hakunirekebisha.

Siku ile ya tatu ya matanga, wageni walipopungua, Halima aliniita chumbani alikofia mama yake tukunje nguo pamoja. Ni chumba chembamba, kina dirisha dogo linalotazama bondeni, na mtu alikuwa amelifungia kanga kwa ndani. Nilimwambia nilichokuwa nimekibeba miaka saba, kwamba mama yake alibaki kule chini kwa sababu aliniamini.

Halima alinitazama kama mtu aliyesikia jina lisilo lake. "Mama? Akuamini wewe kuhusu mlima?" Alikunja shuka, akalilaza. "Mama alihama Desemba, ulipokwenda kwenu. Kitanda chake Hoza alikibeba mwenyewe mpaka hapa, wote wawili walilala humu majuma mawili, na ng'ombe tulimfunga nyuma ya choo. Halafu ukapiga simu kwamba unarudi, na picha yako imefika nusu. Mama akasema mgeni alifuata giza letu, hatuwezi kumwacha kule peke yake, wala kumwambia aondoke. Hoza akakirudisha kitanda chini siku hiyohiyo, analalamika njia nzima."